Mkuki unaanzia kwenye mguu wa kushoto

Ukija kwenye mazoezi yetu ya Jumamosi huku Embakasi, Nairobi, majuma ya kwanza mkuki hutaugusa. Utapewa mpira. Vijana hununa wakisikia hivyo, maana wamekuja na Julius Yego, mrusha mkuki wetu wa Kenya, kichwani na wanataka kuona kitu kikipaa. Lakini mimi ni mwalimu wa michezo, watoto wengi wa Eastlands wamepita mikononi mwangu, na najua kitakachotokea nikimkabidhi mgeni mkuki siku hiyo hiyo. Atatimua mbio kutoka mwisho wa uwanja, akikaribia mstari atapunguza mwendo mpaka nusura asimame, halafu atarusha kwa nguvu za bega. Mkuki utapanda ukiwa umeinua pua, utaishiwa angani na kuanguka kwa mkia. Kisha atashika kiwiko na kuniuliza kama hayo maumivu ni ya kawaida.

Si ya kawaida. Kazi ya kurusha mkuki inaanzia chini. Mbio zinakupa kasi. Mguu wa kushoto unapokita ardhini ukiwa umenyooka, sehemu ya chini ya mwili inazuiwa ghafla na kasi ile inapanda: nyonga, kifua, bega, kiwiko, kifundo cha mkono, kisha mkuki. Mkono ndio wa mwisho kupata zamu. Anayeanza na mkono ametupa kila kitu kilichokuja kabla yake. (Nasema na anayerusha kwa mkono wa kulia. Wewe wa shoto, geuza kila ninachosema.)

Kila kijana anajua kwamba Yego alijifunza kwa kutazama video za YouTube, na kwamba mwaka 2015 kule Beijing alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Wachache hujiuliza alikuwa akimtazama nani. Alimtazama Jan Železný wa Jamhuri ya Czech, ambaye rekodi yake ya dunia ya mita 98.48 imesimama tangu 1996, na Andreas Thorkildsen wa Norway. Na wachache zaidi hukumbuka kwamba baadaye alikwenda Finland kufundishwa na kocha. Kwa hiyo tazama video, hata mimi huwaonyesha, lakini tafuta pia mtu wa kukutazama wewe.

Vifaa vya kuanzia

Mkuki rasmi wa wanaume una gramu 800 na urefu wa mita 2.6 hadi 2.7. Wa wanawake ni gramu 600 na mita 2.2 hadi 2.3. Wavulana walio chini ya miaka 18 hutumia wa gramu 700, wasichana wa rika hilo gramu 500. Usijaribu kuwa shujaa hapa. Kijana wa miaka 14 akipewa mkuki wa watu wazima atajifunza kuukokota, na tabia hiyo kuitoa ni kazi ya mwaka mzima.

Mkuki mpya ni ghali, sisi tunagawana michache iliyopo. Nyumbani huhitaji mkuki. Chukua soksi kuukuu, ijaze mchanga, ifunge vizuri, kisha umwombe mwenye bucha akupimie kwenye mizani yake. Gramu 400 zinatosha kuanzia. Kwa fundi wa pancha omba tyubu iliyokwisha kazi, uikate vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Hiyo ndiyo mipira yako ya kuvuta ya mazoezi ya bega. Viatu vya kurushia mkuki vina meno mpaka kisigino, na Nairobi si rahisi kuvipata, lakini njumu nzuri za mitumba za soko la Gikomba zitakufaa. Spaiki za kukimbilia usizilete. Hazina meno kisiginoni, na kisigino ndicho kinachotangulia kugusa chini.

Habari ya kusafirisha mkuki niiseme kwa kifupi. Mkuki hauingii kwenye matatu ya abiria 14 bila ugomvi. Makanga atakudai nauli ya watu wawili, na abiria wa nyuma atakudai jicho lake. Ikiwa ni lazima, funika ncha kwa kipande cha mpira wa maji, ukifunge kwa kamba, upande basi kubwa kabla ya saa za watu kwenda kazini. La sivyo, acha mikuki ilale stoo ya shule.

Na usalama nausema mara moja tu. Hakuna anayekimbia na mkuki mkononi isipokuwa anarusha. Ukiubeba, ubebe wima, ncha ikitazama chini. Hakuna anayekwenda kuokota mpaka wote wamerusha na mimi nimeita. Ukitaka kuuchomoa ardhini, tazama kwanza nani amesimama nyuma yako, inua mkia mpaka mkuki usimame wima, ndipo uvute kwenda juu. Uwanja wetu una njia ya mkato ya watu wanaokwenda stejini kupanda matatu, kwa hiyo mmoja wetu hukaa pale muda wote kuwasimamisha. Mama aliyebeba ndoo kichwani hana habari kwamba kuna mkuki unakuja.

Kushika

Fungua kiganja cha kulia kitazame juu. Laza mkuki kimshazari kwenye ule mkunjo mrefu wa kiganja. Usiukatize juu ya vidole kana kwamba umeshika fimbo. Kamba iliyozungushiwa mkuki ina ukingo wa nyuma, upande wa mkia, na hapo ndipo kidole kinapopata mahali pa kusukumia. Mimi huwaanzisha wengi na kidole cha kati: kidole cha kati na kidole gumba vinakaa nyuma ya ukingo huo, kidole cha shahada kinanyooka kuelekea mkiani na kuuegemeza mkuki usiyumbe. Wengine hutumia kidole cha shahada nyuma ya ukingo badala ya cha kati. Wengine hupitisha mkuki kati ya vidole hivyo viwili, na huo ndio mshiko ninaompa mwenye kiwiko kinacholalamika. Jaribu yote mitatu, uchague mmoja, ukae nao.

Usiukabe. Nikipita nyuma yako nikaugusa mkia na bega lako lote likatikisika, umeukaba. Vidole vishike, kifundo cha mkono kibaki laini.

Mpira, kisha kuchomeka

Piga magoti mawili, mpira mikononi juu ya kichwa, urushe mbele kwa mikono miwili kama mchezaji wa soka anayerusha mpira wa pembeni. Kifua kitangulie, mikono ifuate. Ukizoea, simama, halafu tumia mkono mmoja na ile soksi ya mchanga. Hapa natazama kitu kimoja tu: kiwiko kipite juu ya bega, karibu na sikio. Kiwiko kikishuka pembeni mwa mwili, ule ni mrusho wa mtu anayerusha jiwe mtoni, na kwenye mkuki ndio unaoharibu mishipa ya upande wa ndani wa kiwiko.

Sasa mkuki. Weka kipande cha boksi kwenye nyasi mita tano mbele yako. Simama umetazama mbele, mkono juu, ncha ikielekea kwenye boksi, uchomeke. Hatutafuti umbali. Tazama mkia. Nguvu yako ikipita kwenye urefu wa mkuki, kuanzia mkiani hadi kwenye ncha, utaingia ardhini ukiwa umetulia. Mkia ukicheza kulia na kushoto, umeusukuma kutoka pembeni. Mkia ukianguka kwanza, kifundo cha mkono kimelegea nyuma na ncha imeinuka. Sogeza boksi mpaka mita nane, kisha kumi. Mtoto akinichomekea kwenye boksi mfululizo, mkia ukiwa umetulia, ndipo ninapomruhusu kuendelea, hata kama wenzake wameshaanza kukimbia.

Zoezi hili linanisaidia pia wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Udongo mweusi wa Embakasi ukilowa unabeba kiatu chote, mguu wa kushoto unateleza, na kurusha kwa mbio siku hiyo ni kutafuta goti. Basi tunachomeka tu, tunakwenda nyumbani na matope yetu.

Mguu wenyewe

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko makocha wengi ninaowajua. Anza kwenye goli. Simama ukiwa umeupa mlingoti mgongo, hatua moja mbele yake, mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma. Peleka mkono wa kulia nyuma ukiwa umenyooka, ushike mlingoti kwa urefu wa bega. Sasa, bila kuachia, geuza kisigino cha mguu wa kulia kielekee nje na usukume nyonga ya kulia mbele. Nyonga inakwenda, bega bado liko nyuma na mlingoti. Utahisi mvuto kutoka pajani, kupitia tumboni, hadi kifuani. Mwili umekuwa upinde. Mvuto huo ndio tunaoutafuta kila siku ya mazoezi, na asiyeupata akiwa amesimama hataupata akiwa anakimbia.

Toka mlingotini, shika mkuki. Nyosha mkono nyuma, kiganja kikitazama juu, mkono usishuke chini ya bega, ncha iwe karibu na nyusi. Uzito wote uwe kwenye mguu wa kulia, goti limekunjwa kidogo. Inua mguu wa kushoto, uupeleke mbele, uukite kwa kisigino ukiwa umenyooka, kidogo upande wa kushoto wa mstari wa mguu wa kulia ili nyonga ipate nafasi ya kufunguka. Kisigino kigonge kwanza. Mkono usianze safari kabla hujakisikia. Mara nyingi mimi hugeuka nyuma nisitazame, nisikilize tu: kisigino, halafu mlio wa mkuki ukitoka. Sauti zote mbili zikija pamoja, mkono umewahi.

Mkono wa kushoto nao una kazi. Umetangulia mbele ukionyesha njia. Wakati wa kurusha, vuta kiwiko chake kiingie mbavuni na kibaki hapo. Ukiuacha uzunguke nyuma, bega la kushoto linakimbia, mwili unapinda upande huo, na ile nguvu uliyoikusanya inamwagika pembeni.

Kulikuwa na binti mmoja wa Kayole, mkimbiaji mzuri wa mita 800, ambaye goti lake la kushoto lilikuwa linakunja kila anapokita. Nilimweleza kwa maneno, hakuona. Nikamrekodi kwa simu kutoka ubavuni, nikamwambia asitazame mguu, atazame kichwa chake mwenyewe. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa matofali, na kwenye video kichwa kilishuka tofali moja zima pale alipokita. Goti likikunja, mwili unazama. Likinyooka, mwili unapanda juu ya mguu. Tukarudi kutembea: anavuka uwanja wote akiwa ameshika mkuki nyuma, kila mguu wa kushoto unashuka kwa kisigino na goti limenyooka, bila kurusha chochote. Kazi hii inachosha na haina raha. Alipoirudia mpaka kichwa kikabaki kwenye tofali lake, mkuki ulianza kwenda mbali akiwa amesimama kuliko ulivyokuwa ukienda akikimbia.

Hatua na mbio

Hatua tatu kwanza: kushoto, kulia, kushoto, rusha. Zikitulia, tano. Katikati, mguu wa kulia unapita mbele ya wa kushoto, miguu inakwenda mbele na kifua kinatazama pembeni. Mkono wa mkuki uko nyuma tayari na hauchezi. Miguu iukimbie mwili wa juu, yaani ukifika kwenye hatua za mwisho uwe umeegemea nyuma kidogo kwa sababu miguu imekutangulia.

Hatua mbili za mwisho ndizo zenye siri. Mguu wa kulia ukigusa chini, wa kushoto ushuke upesi sana baada yake. Napiga makofi: pa... pa-pa! Wengi hufanya pa, pa, pa, sawasawa kabisa, na katika lile pengo la mwisho kasi yote inapotea. Hatua ya mguu wa kulia iende mbele, isiende juu. Anayeruka juu anashuka kwa kishindo, goti la kulia linazama, na mguu wa kushoto unachelewa.

Mbio ndefu nazileta mwisho, kwa makusudi. Sisi tumezaliwa katika nchi ya wakimbiaji, na kila kijana hudhani kukimbia ndiko kusikohitaji kufundishwa. Njia rasmi ya kukimbilia ina urefu wa mita 30 au zaidi na upana wa mita 4, lakini si lazima uitumie yote. Kijana anayeanza zinamtosha hatua sita au nane za kawaida, kisha zile tano. Simama kwenye mstari, geuka, kimbia kurudi nyuma kwa mwendo wako, mwenzako aweke alama mahali hatua zinapoishia. Weka na alama ya pili mahali unapoanza kuupeleka mkuki nyuma. Uache karibu mita mbili kati ya mguu wa kushoto na mstari wa kurushia, za kujizuia baada ya mkuki kutoka. Kasi iliyo sahihi ni ile ambayo bado unaweza kuukita mguu ukiwa umenyooka. Ukiona goti limeanza tena kukunja, umekimbia zaidi ya uwezo wako wa leo. Punguza.

Kuhusu pembe: darasani mwalimu wa fizikia atakwambia nyuzi 45, lakini mkuki unasafiri juu ya hewa na warushaji wakubwa huutoa kwenye nyuzi 35 hivi. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80, na kuanzia 1986 mkuki wa wanaume ukabadilishwa, kitovu cha uzito kikasogezwa mbele ili ncha ishuke mapema. Mkuki unaoushika wewe ni wa baada ya hapo. Ukiutoa umeinua pua, haukusamehe. Upepo ukikupiga usoni, ushushe zaidi.

Simu

Iegemeze simu kwenye tofali, ubavuni mwako, mbali kiasi cha kukuonyesha wewe na mkuki wote, uweke ile hali ya mwendo wa polepole. Simamisha picha mara tatu. Mguu wa kulia unapogusa: mkono bado umenyooka nyuma? Wa kushoto unapogusa: goti limenyooka, na mkono bado haujaanza? Mkuki unapotoka: kiwiko kiko juu ya bega, na kichwa kiko wima au kimelala upande wa kushoto? Rekebisha moja tu kati ya hayo matatu kila siku. Anayerekebisha yote kwa pamoja hataambulia hata moja.

Mwili

Kijana ambaye mifupa yake bado inakua asirushe kwa nguvu zote kila siku. Mara mbili kwa juma zinatosha, na kati yake apumzishe mkono siku mbili. Siku nyingine fanya ngazi, press-up, kujivuta kwenye mwamba wa goli, na vile vipande vya tyubu: funga kimoja kwenye mlingoti, uvute polepole kwa kiwiko kilicho juu. Kabla ya mrusho wowote pasha mwili moto mpaka jasho litoke. Julai ya Nairobi, asubuhi na baridi ile, hilo linachukua muda mrefu kuliko unavyopenda. Kula ushibe pia: githeri, ndengu, mayai yakipatikana.

Uchovu wa misuli unaisha baada ya siku moja au mbili. Maumivu makali upande wa ndani wa kiwiko, au bega linalouma usiku ukilalia, si uchovu. Acha kurusha, mwambie mzazi, nenda hospitali. Kijana anayenificha maumivu ili asikose mashindano namrudisha kwenye mpira wa soksi, na mama yake atajua ni kwa nini.

Siku ya mashindano

Ushike mkuki kwenye kamba, urushe juu ya bega, usiuzungushe, na usiupe mstari mgongo kabla mkuki haujatoka. Ncha iguse chini kabla ya sehemu nyingine yoyote, ndani ya mistari miwili ya pembeni. Usikanyage mstari wala kuuvuka, na usitoke kwenye njia ya kukimbilia kabla mkuki haujatua. Ukiitwa una dakika moja. Kwa kawaida kila mmoja hurusha mara tatu, kisha wanane bora huongezewa tatu nyingine.

Pima alama zako asubuhi, kabla uwanja haujajaa, na uzipime tena ukishavaa njumu utakazotumia, maana hatua hubadilika. Mrusho wa kwanza tumia hatua tano tu, bila mbio ndefu, upate umbali wa kuandikwa. Wa pili ndio wa kukimbia.